Vishimo za Bao na Geti ya Mababi

Ukitoka tao ya Nakuru, Nax yetu, ukishika barabara ya Nairobi, kuna kilima wasee wengi wanapitanga wakiwa ndani ya mat, macho yote kwa simu. Hapo ni Hyrax Hill. Mary Leakey alichimba hapo kuanzia 1937, mkoloni akaiweka kwa orodha ya mahali pa kulindwa 1943, na tangu 1965 kuna makumbusho. Unalipa, unaingia, unaonyeshwa vyungu, makaburi na mashimo za Wasirikwa, wale wafugaji wa zamani wa hii Rift. Halafu unapelekwa kwa mwamba flani. Juu yake kuna vishimo zimechongwa kwa laini, zimelainika kwa kushikwashikwa. Ni bao.

Kila jamii ya hii side iko na jina yake ya hiyo gemu. Wakikuyu wanaiita giuthi, Wamasai enkeshui, Wajaluo ajua. Na wenye walichonga hizo vishimo hawakuwa wanajenga makumbusho. Walikuwa wamekaa tu, wanapiga stori, wanategeana, mwenye amefungwa anataniwa mpaka jioni. Ilikuwa raha ya kawaida ya watu wa kawaida.

Sasa rudi tao. Tafuta kivuli yoyote karibu na steji ya mat, utapata mabuda wamezunguka kibao ya drafti, vifuniko za soda ndio askari. Akili yenye inatumika hapo ni ileile ya kule kilimani: kuona mbele, kumwekea mwenzako mtego, kunyamaza kabisa wakati unajua umemshika. Lakini hapo hakuna tiketi, hakuna maelezo kwa ukuta, hakuna basi ya shule imeleta watoi kuangalia. Hapo kanjo akipita anauliza mbona hawa watu hawana kazi.

Hii kitu imenikalia kwa roho kitambo, na ndio maana nataka tubonge. Mchezo haujabadilika. Kenye kimebadilika ni kwamba wachezaji wa kwanza walishakufa, na mtu akishakufa hawezi kukuchafulia mtaa.

Kila msee wa Nax anajua ramani yenye hakuna mtu amewahi kumchorea. Reli ilifika hapa 1900, mji ukaanzishwa 1904, na walowezi wakajikatia upande wa juu wenye unaona ziwa vizuri. Hiyo ndio Milimani mpaka wa leo, miti za jacaranda na ukuta ndefu. Waafrika wakapangwa chini, Bondeni. Baadaye zikamea Langa Langa, Shabab, Kaptembwa, Rhonda, Free Area. Tukapewa charter ya jiji Desemba 2021, jiji ya nne Kenya, lakini hiyo laini ya juu na chini haikufutwa na charter. Kwa Sheng, wa juu tunawaita mababi. Na tumelelewa tukijua mambo ya mababi ni gani: piano, thieta, vitabu za Ngeli, kunyamaza kwa ukumbi. Ya mtaa ni gengetone, mugithi, filamu za DJ Afro, nganya yenye imechorwa mpaka kwa taa. Ya kwanza inaitwa sanaa. Ya pili inaitwa kelele.

Mimi nakataa hiyo mgawanyo, na sikatai juu ya hasira tu. Nakataa juu nimeishi hapa na naona venye vitu zinatembea.

Angalia hii. Kuna mathe anauza sukuma soko ya Top Market. Siku sita anakatakata mboga na kuhesabu chenji za mbao na finje. Jumapili anavaa kanzu ya kwaya, na Krismasi ikikaribia anaimba Haleluya ya Handel, sauti ya alto, yote iko kwa kichwa kwa sol-fa. Handel aliandika hiyo kazi 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin 1742, na huko Ulaya watu wanavaa suti kuiskiza na tiketi si ya mchezo. Hapa PCEA, AIC, Katoliki, kila mahali, inaimbwa na mafundi, mama mboga na wasee wa boda. Wanajua penye sauti ya besi inaingia kuliko mababi wengi wenye wananunua tiketi. Na kijana mwenye amejifunza tarumbeta kwa bendi ya Jeshi la Wokovu, akipita na chombo yake kwa bega mtaani, hakuna mtu anasema huyo anafanya muziki ya juu. Wanasema tu anaenda kanisa. Hiyo muziki ilishakuwa yetu kitambo sana, na hakuna mtu aliomba ruhusa.

Mtaa ndio hufanyanga hivyo. Inachukua kitu, inaivaa, inaitembeza.

Sasa twende Ngata, njia ya Njoro, kwa ngome ya Lord Egerton. Maurice Egerton, lodi wa Uingereza, alianza kuijenga 1938, vita ikaingilia, ikaisha 1954. Vyumba 52 za msee mmoja. Ndani kuna ukumbi ya densi na kinanda ya mabomba, ile aina ya makanisa kubwa za majuu. Na hapo pote wanawake walikuwa wamepigwa marufuku. Lodi alikufa 1958. Nikisimama kwa hiyo ukumbi najiskia vibaya, walai. Chombo kama hiyo, mbao safi kama hizo, sauti yenye ingejaza Njoro nzima, na haikuwa na mtu wa kudensi.

Leo ngome iko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, chenye kilianza 1939 kama shule ya kilimo kwa shamba ya huyohuyo lodi. Wikendi mbogi zinafika na kamera. Maharusi wanapigwa picha kwa ngazi, wasanii wanashuti vidio, mamanzi wa kampo wanadensi mbele ya simu penye mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga. Kuna watu wanasemanga hiyo ni kuchafua historia. Mimi naona ndio mara ya kwanza hiyo ukumbi imefanya kazi yenye ilijengewa.

Thieta pia ni vile. Nakuru Players Theatre iliachwa na walowezi, wenye walikuwa wanaigiziana michezo za kwao, watu wa juu wakiangaliana. Sai ukitaka kuona hiyo ukumbi ikiwaka, enda siku ya setbuku. Mabasi za shule zimejaa, wanafunzi wamebebana, na waigizaji wa mtaa wako steji na kitabu ya mtihani. Nimekaa kwa hizo shoo za *A Doll's House* ya Ibsen. Ibsen alikuwa msee wa Norway, aliandika hiyo kitu 1879, na kwa kitabu Torvald anamwita bibi yake ndege, anamwita kindi. Mwigizaji wa Nax akisema hizo maneno anazirushia Sheng kidogo, madem wa Form Four wanapiga nduru mpaka mstari ufuatao haiskiki. Mwisho Nora anatoka, anafunga mlango. Ukumbi nzima inasimama. Wengine wanamshangilia, wengine wanapiga kelele ati watoi wake je. Wanabishana mpaka kwa basi.

Odijo mwenye anataka kimya atakushow hiyo ni utovu wa nidhamu. Lakini hiyo ndio kesi yenye Ibsen alikuwa anatafuta. Hata huko Ujerumani walimsukuma akaandika mwisho ingine yenye Nora anabaki, juu watu walishindwa kumeza ya kwanza. Msichana wa Rhonda mwenye anasimama kwa kiti kumtetea Nora ameelewa mchezo kuliko babi mwenye anapiga makofi polepole na kuenda kunywa divai.

Na DJ Afro anafanya nini tofauti? Anachukua filamu ya Hong Kong ama ya India, anazima sauti ya wenyewe, anaweka yake. Anawapa majina, anawapa mtaa, anakuambia huyu jambazi atafika wapi kabla afike. Mamia ya vibanda za movie hapa Kenya zimesimama kwa mgongo ya hiyo sauti. Nyanya zetu walikuwa wanasimulia hadithi za fisi na sungura kwa moto, na kitabu za shule zinaita hiyo fasihi simulizi, inatahiniwa. Msimulizi wa kibanda ya movie hatahiniwi na mtu. Ningekuwa na uwezo ningempeleka Egerton akafundishe muhula mzima.

Stori yenye inaniuma zaidi iko upande wa Kericho. Mwaka 1950, msee anaitwa Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Alikuwa anazunguka Afrika akikusanya ngoma. Wakipsigis wakamwimbia, na chepkong, chombo yao ya nyuzi, ikipigwa, kuhusu mtu anaitwa Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, msanii wa Mississippi, Marekani, alifanya kazi kwa reli, akaimba ngoma za mashambani za watu wa chini, akakufa na TB 1933. Sahani zake zilifika huku na gramafoni. Wakipsigis waliskia hiyo sauti inatoka kwa sanduku na hawakuona mwimbaji, wakamtengeneza wao wenyewe, nusu mtu, nusu swara, wakamwalika aje adensi. Rekodi ya wasichana ndio inajulikana sana.

Tulia hapo kidogo. Ngoma ya watu maskini wa Marekani inafika kwa wafugaji wa Kericho, wasichana wanaichukua na kuigeuza kitu mpya kabisa. Hakuna tofauti na kijana wa Kaptembwa mwenye anaskia biti ya Jamaika ama ya Afrika Kusini leo na kuitolea mistari za Nax. Lakini sahani ya Tracey ikaenda kukaa kwa maktaba ya muziki yenye alianzisha Afrika Kusini 1954, ILAM, na miaka ikipita hiyo ngoma ikawa hazina. Wasomi wanaiandikia, wakusanyaji wa sahani Ulaya na Marekani wanaipenda. Mwaka 2014 ndio watu wa ILAM na wenzao wa Singing Wells walianza kurudisha hizo rekodi kwa wenyewe. Miaka zaidi ya 60. Wengi wenye waliimba walikuwa wameshaenda.

Wasichana walikuwa wanacheza. Hakuna mtu Kapkatet aliwaambia mko na sanaa. Ilibidi mgeni awe na mashine na maktaba.

Rudi sasa kwa ngoma zetu. Mwaka 2019, wakati *Wamlambez* ya Sailors ilikuwa inapigwa kila mat kutoka Pipeline mpaka Kiamunyi, mkubwa wa bodi ya filamu, Ezekiel Mutua, akasema hiyo ichezwe kwa klabu na baa tu. Mimi si mtu wa kutetea kila kitu juu imetoka mtaani. Mwaka huohuo Ethic walitoa *Tarimbo*, na maneno zake kuhusu madem zilikuwa mbaya, watu wakakasirika na walikuwa na haki, na kikundi yenyewe iliomba msamaha. Hiyo ni kuangalia kazi na kusema hii imekosea mtu. Nakubali hiyo kabisa. Kenye sikubali ni kuangalia mwenye ameimba, nguo yake, mtaa yake, na kuamua kabla uskie. Kuna opera za Ulaya zenye mwanamke anauawa kwa kisu kwa steji mbele ya watu wamevaa suti, na hakuna bodi inasema hiyo ni ya baa.

Nganya pia zilipitia hapo. Sheria za waziri Michuki za 2004 ziliwekea kila mat laini ya manjano na kufuta michoro. Wachoraji wenye walikuwa wanakula na brashi wakabaki mikono mitupu. Miaka kumi baadaye, 2014, rais Uhuru Kenyatta akasema waachwe, ni kazi ya vijana. Kitu ileile, brashi ileile, ilikuwa uchafu, ikawa ubunifu. Hakuna mchoraji alibadilisha chochote hapo katikati.

Na kama ulikuwa unafikiria steji ya shule iko salama juu ni ya elimu na ina majaji wa tai, kumbuka Aprili 2025, hapahapa Nax. Tamasha ya kitaifa ya drama ilikuwa imekuja kwetu. Butere Girls walikuwa na mchezo *Echoes of War*, ya Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, kuhusu utawala mbaya na vijana wenye wamechoka. Walikuwa wametolewa kwa mashindano, Mahakama Kuu ikaamuru warudishwe. Malala alishikwa usiku akienda kuwaona. Asubuhi ya tarehe 10, pale shule ya Melvin Jones, wasichana wakapata hakuna watazamaji, hakuna vyombo za sauti, mwandishi wao ako ndani. Waliimba wimbo wa taifa, wakarudi kwa basi. Nje, karao walikuwa wanarushia wananchi na waandishi wa habari teargas.

Mamia ya wasee wa Nax walikuwa wamerauka wakasimama kwa geti ya shule wakitaka kuingia kuona drama ya watoto wa sekondari. Wanatuambianga kila siku ati vijana hawapendi thieta. Siku hiyo thieta ilikuwa ndani ya Nakuru na vijana walikuwa wanafukuzwa hapo na moshi. Serikali imejua nguvu ya thieta tangu 1977, wakati ilisimamisha *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, penye wakulima na wafanyikazi wa kiwanda ndio walikuwa waigizaji. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ashaandika riwaya za Kizungu zenye zinachoma wakubwa, na alikuwa anatembea huru. Alifungwa mwisho wa huo mwaka, baada ya kuweka mchezo kwa lugha na kwa mikono ya watu wa chini. 

Lakini wacha pia niseme na mbogi yetu, juu mtaa pia iko na geti yake. Ukionekana na riwaya kwa mat unaitwa babi. Dem akisema anataka kuenda makumbusho anaambiwa hizo ni za wazungu na watalii. Kijana akiacha rap aandike ushairi wa vina na mizani, washikaji wanamuuliza kama amefungua madrasa. Hiyo ni kujifungia nje na ufunguo iko kwa mfuko. Henry ole Kulet alizaliwa Narok, akaandika riwaya kuhusu vijana wa Kimaasai wenye wanavutwa huku na huku, na *Blossoms of the Savannah* ikashinda tuzo ya Jomo Kenyatta 2009. Tumeisoma juu ya mtihani, tukaitupa siku ya mwisho ya KCSE. Hiyo ni hadithi ya hii Rift, ya mashemeji na majirani wetu. Si ya babi yeyote.

Ukitaka kuona venye geti hubomoka, angalia Safari Rally. Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, mchezo ya wenye gari. Iliporudi kwa mashindano ya dunia 2021, ikawekwa Naivasha, na sehemu yake inapita Soysambu, ardhi ya kina Delamere. Sai huko vumbi ni ya kila mtu. Mababi wako kwa hema na tiketi ghali, wasee wa Gilgil wako juu ya mti, Subaru zimepangwa, mutura inachomwa, na gari ikipita wote wanapiga nduru moja. Hakuna mtu amewahi kuniambia mbio imeharibika juu wa juu ya mti wameiona bure.

Pesa ndio imebaki nyuma. Nimeona shoo hapa Nax penye msanii wa kutoka Nairobi analipwa kabla ashuke kwa gari, na rapa wa Shabab mwenye amepasha watu moto masaa mawili anaambiwa ashukuru amepewa maiki, atajulikana. Kwa kumbi za hoteli, mwenye anapiga kinanda wakati wageni wanakula steki analipwa kwa saa, ana kandarasi. Mwenye anapiga mugithi mpaka kucha anangoja walevi wamtunze. Vidole ni vilevile, masaa yake ni mengi. Kaunti ikipanga pesa ya utamaduni, hiyo laini ya juu na chini inarudi kwa karatasi, penye hakuna mtu anaiona, na hapo ndio ingefaa tuende kupiga kelele kwanza.

Na tukingojea hiyo, kuna kazi yenye haingoji mtu. Tracey alikuwa anaandika kila kitu: jina ya mwimbaji, chombo, kabila, mahali, mwaka. Ndio maana leo tunajua ilikuwa Kapkatet, ilikuwa 1950. Sasa ngoma ngapi za Kaptembwa na Langa Langa ziko kwa simu yenye itapotea ama fleshi yenye itaungua, na faili inaitwa tu wimbo mpya moja? Ukitoka studio leo, hata kama studio ni keja yenye imewekwa blanketi kwa ukuta, andika nani aliandika mistari, nani alitengeneza biti, nani aliitikia, tarehe gani, mtaa gani. Enda kwa mtandao wa Bodi ya Hakimiliki uisajili kwa jina yako. Peana nakala kwa beshte mwenye anaishi mji ingine. Na kama unajua buda mwenye alikuwa anapiga gita Bondeni ukiwa mtoi na bado ako hai, rauka kesho umtembelee, uweke simu kwa meza, umuulize kila kitu.